Kimea Kinabadili Uji Kuwa Togwa, Kipo Kinachobadili Tetroni. Maabara Zetu Ziko Wapi?



Leo tahariri haizungumzii katiba mpya, wala tume ya uchaguzi, wala bei ya mbolea. Leo tunazungumzia shati. Ndiyo, lile shati la tetroni ambalo mdogo wako amelivaa kwenda shule, na ile tisheti ya mtumba uliyoivaa wewe unaposoma hapa. Kama kuna anayesema hiyo siyo siasa, avumilie kidogo asome hadi mwisho, halafu atuambie: ni nani anayepanga mtoto wa Mshangano avae nini, asome nini na aishie wapi?

Nguo ni siasa, na tuna ushahidi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019 ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikatishia kugusa nafuu ya ushuru ya AGOA. Kenya ikarudi nyuma, Uganda ikarudi nyuma, na Tanzania nayo ikarudi nyuma. Rwanda ilikomaa, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Sasa hapo tusiambiwe shati ni jambo la fundi cherehani peke yake.

Tuanze na kitambaa chenyewe.

Tetroni ni poliesta. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia wawili, John Whinfield na James Dickson, waliokuwa wakifanya kazi kwenye kampuni ya vitambaa ya Manchester. Malighafi yake inatokana na mafuta ya petroli. Na ni kitu kilekile kinachotengeneza chupa ya maji unayoitupa stendi. Chupa ile ukiiyeyusha ukaivuta iwe nyembamba kama unywele, umepata uzi wa nguo. Chupa na sare ya shule ni ndugu wa tumbo moja.

Wataalamu wanaita vitu vya namna hii polima, yaani mnyororo mrefu uliounganishwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia maelfu kwa maelfu. Polima siyo lazima itoke kiwandani. Wanga wa mahindi ni polima, vipande vyake ni sukari. Pamba ni polima. Nywele zako ni polima.

Uzuri wa tetroni kila mzazi anaujua: haikunjamani hovyo, inakauka haraka, inadumu, na bei yake inabebeka. Mzazi mwenye watoto wanne akinunua tetroni hatuwezi kumlaumu hata kidogo. Ubaya wake anaujua mtoto anayeivaa. Kwenye hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, lakini poliesta hubeba asilimia 0.4 tu. Jasho likitoka halina pa kwenda. Linabaki mgongoni, shati linaganda, na harufu haiishi hata ukifua. Na ukienda kwa anayetengeneza batiki ukamwambia akutilie rangi kwenye tetroni atakucheka, maana rangi yake haitashika. Kiwandani poliesta hutiwa rangi za aina yake peke yake, tena kwa joto la nyuzi 130 hivi ndani ya mtambo wenye mgandamizo.

Kwa nini? Kwa sababu ya ngozi. Uso wa uzi wa poliesta hauyapendi maji. Ndani uzi uko vizuri, imara kabisa, shida iko juu. Ukiweza kuibadili ile ngozi bila kugusa ndani, umepata kitambaa kigumu kama tetroni lakini kinachonyonya jasho na kushika rangi vizuri zaidi.

Viwanda vimehangaika na hili kwa miaka mingi. Njia ya zamani ni kulichemsha gunia la shida kwa kostiki soda, ileile kostiki ya watengeneza sabuni. Inafanya kazi, lakini haina adabu: inakula uzi, kitambaa kinapungua uzito na kudhoofika, na maji yanayobaki ni makali kiasi kwamba ukiyaachia mtoni bila kuyatibu unaua kila kilichomo. Sisi tunaoishi kwenye vyanzo vya Mto Ruvuma, chini ya milima ya Matogoro, hilo halihitaji maelezo. Njia nyingine ni mashine za plazima, ambazo ni ghali.

Ipo njia ya tatu, nayo ndiyo iliyotufanya tukae chini kuandika. Ni vimeng'enya.

Usiogope jina. Kama umekulia Songea, umeshakunywa kazi ya kimeng'enya tangu utoto. Mama anapika uji wa mahindi mzito. Anauacha upoe hadi uwe vuguvugu. Anachukua kimea, yaani unga wa ulezi ulioota ukakaushwa na kusagwa, anakoroga. Dakika chache tu, uji uliokuwa unasimamisha mwiko unalegea, unakuwa mwepesi na mtamu. Sukari haijaongezwa wala maji hayajaongezwa. Kimea kina kimeng'enya kinachoitwa amilasi, na kazi yake ni moja: kukata minyororo ya wanga iwe mifupi na mingine iwe sukari. Na mama anajua kwamba akikitia kimea kwenye uji unaochemka, togwa haitoki. Anajua kwa uzoefu kile ambacho kitabu cha baiolojia kinakieleza kwa sentensi ndefu: kimeng'enya ni protini, joto likizidi kinaharibika.

Kwa maneno mengine, bibi zetu wamekuwa wakibadili polima kwa vimeng'enya karne na karne. Wa pwani nao wanaozungushia nyama papai bichi ili ilainike wanafanya jambo la ukoo huohuo.

Sasa swali: kama kipo cha kukata wanga, je, kipo cha kukata tetroni? Kipo.

Majani ya mimea yamefunikwa na ngozi laini inayozuia maji. Ngozi hiyo ina polima ya asili inayoitwa kutini, na vipande vyake vimeshikana kwa vifungo vinavyoitwa esta. Kuna ukungu wa jamii ya Fusarium ambao ukitaka kuvamia mmea unatoa kimeng'enya cha kukata ngozi hiyo. Kinaitwa kutinasi. Mkulima wa Ruvuma anawajua Fusarium hata kama hajawahi kusikia jina: mmoja wao ndio unaoozesha gunzi shambani likawa na utando mweupe unaoelekea rangi ya waridi. Ni adui. Lakini angalia jina poliesta: maana yake ni esta nyingi. Vifungo vile vya ngozi ya jani ni vya aina ileile inayoshikilia tetroni. Watafiti wakajiuliza kama mkasi wa jani unaweza kukata uzi wa kiwandani. Wakajaribu, ukakata.

Na hapa ndipo penye utamu wenyewe. Kimeng'enya ni kikubwa mno kuingia ndani ya uzi uliobana. Kinabaki juu, kinakata vifungo vya kwenye ngozi tu, na kila kinapokata kinaacha ncha zinazopenda maji. Ndani uzi unabaki na nguvu zake. Kazi yote inafanyika kwenye maji ya moto wa wastani, bila kostiki, bila mtambo wa kutisha. Watafiti wa Ureno na Austria wamekuwa kwenye kazi hii kwa zaidi ya miaka 20. Nailoni nayo ina vimeng'enya vyake, kwa kuwa vifungo vyake vinafanana na vile vya protini.

Ukiacha ngozi, wengine wameenda mbele hadi kuila chupa nzima. Mwaka 2012 watafiti wa Osaka, Japani, walipata kutinasi kwenye lundo la majani yaliyooza. Mboji, makamanda, mboji! Mwaka 2016 Wajapani wengine wakatangaza bakteria waliyemkuta kwenye mji wa Sakai, nje ya kiwanda cha kurejeleza chupa, anayeishi kwa kula plastiki hiyo. Mwaka 2020 kampuni ya Carbios na watafiti wa Toulouse, Ufaransa, wakakichukua kile kimeng'enya cha mboji ya Osaka, wakakifanyia marekebisho, na kwa saa 10 kikavunja asilimia 90 ya plastiki ya chupa kuwa malighafi safi ya kutengenezea chupa mpya.

Tusidanganyane lakini. Hatuandiki kuwauzia muujiza. Vimeng'enya bado ni ghali kuliko kostiki, vinafanya kazi taratibu, na uzi uliobana sana vinaupata kwa shida. Halafu havili kila plastiki. Mfuko wa salfeti tunaowekea mahindi na ile mifuko ya rambo ya zamani havina kabisa vifungo vya esta, kwa hiyo mkasi huu hauna pa kushika. Anayekuambia kimeng'enya kitamaliza taka zote za Tanzania anakudanganya, na sisi tumechoka kudanganywa.

Hoja yetu ni nyingine. Angalia orodha hiyo: ukungu wa shambani, lundo la majani, bakteria wa nje ya kiwanda cha chupa. Kipi kati ya hivyo hakipo Songea? Majani yanaoza Mshangano kama yanavyooza Osaka. Tofauti ni kwamba Osaka kijana akichota mboji anakwenda nayo maabara, na sisi kijana akichota mboji anakwenda nayo bustanini, basi.

Wala asije mtu akasema sayansi hii siyo ya watu wa togwa. Mjapani mmoja, Jokichi Takamine, alichukua ukungu ambao watu wa kwao waliutumia karne nyingi kutengenezea pombe ya mchele, akaukuza juu ya pumba za ngano, akatoa kimeng'enya, na mwaka 1894 akapewa hataza Marekani. Kikauzwa kama dawa ya tumbo, na yeye akawa tajiri. Aliondoka na ujuzi wa pombe ya kienyeji akaingia nao kiwandani. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchi hii kwa mahindi. Pumba tunazo mpaka tunagombana na nguruwe. Kimea tunacho. Kilichokosekana ni mlango kati ya jiko la mama na maabara.

Na mlango huo hatuombi kwa hisani. Tulishaulipia.

Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: fizikia, kemia na baiolojia. Wananchi nchi nzima wakachangishwa. Wapo waliotoa fedha, wapo waliotoa mahindi, wapo waliobeba mchanga na mawe. Wengine waliandamwa na watendaji kama wahalifu kwa kuchelewesha mchango. Leo nenda shule za kata ukaangalie. Zipo zinazofanya kazi, na walimu wake tunawapongeza kwa dhati. Lakini zipo ambazo maabara ni jengo lenye kibao tu mlangoni: ndani ni stoo ya madawati mabovu, au darasa la ziada, au kufuli limeshika kutu. Mtoto anamaliza kidato cha nne anajua kuandika neno kimeng'enya kwa Kiingereza, na hajawahi kukiona kikifanya kazi kwenye bomba la majaribio, wakati nyumbani kwao kinafanya kazi kila wiki kwenye sufuria.

Juu zaidi ya shule hali ni hiyohiyo. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ilianzishwa kwa sheria mwaka 1986. Mwaka 2006 Umoja wa Afrika ukaweka lengo kule Khartoum kwamba kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Viongozi wetu wakairudia ahadi hiyo majukwaani. Hiyo asilimia 1 hatujaifikia.

Linganisha na tunavyojua kukataza. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na ukikutwa nao faini haipungui shilingi 30,000. Sisi hatupingi marufuku hiyo, mitaro imepumua na ng'ombe wamepumua. Lakini marufuku ni kazi ya askari na karani wa faini. Imeondoa mfuko, haikuondoa chupa, haikuondoa salfeti, na haikumgusa mtoto aliyevaa poliesta kuanzia soksi mpaka sweta. Kwa hayo yaliyobaki kunahitajika watu wanaojua kemia, na watu hao hawatengenezwi kwa tangazo la serikali.

Watasema nchi maskini ina mambo ya kwanza: dawa, maji, barabara. Sawa kabisa. Lakini dawa inapimwa wapi kama siyo maabara? Maji ya kisima yanapimwa wapi? Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, chakula chetu cha kila siku. Aliyeweza kugundua ni ukungu gani alikuwa mtu wa maabara. Na ndiyo maana tunawaonya wasomaji wetu: msianze kufuga ukungu kwenye ndoo nyumbani kwa sababu mmesoma hapa. Ukungu mwingine unatoa kimeng'enya, mwingine unatoa sumu, na macho hayatofautishi. Tunadai maabara kwa sababu hiyo pia.

Na watasema tusubiri, wenye uwezo watafanya, sisi tutanunua. Hiyo ndiyo siasa tuliyoizoea: pamba inatoka ghafi, nguo inarudi mtumba. Kimeng'enya kilichorekebishwa Toulouse kina mwenyewe na kinalindwa na hataza. Tukisubiri, kazi itakayobaki kwa kijana wa Songea ni ile anayoifanya sasa, kuokota chupa na kuziuza kwa kilo kwa bei anayopangiwa. Hakuna aibu kwenye kuokota chupa, ni kazi halali na inasafisha mji. Aibu ni ya nchi inayoona hiyo ndiyo nafasi pekee ya kijana kwenye sayansi ya plastiki.

Kwa hiyo tunataka haya.

Kwanza, kila halmashauri, tukianza na Manispaa yetu ya Songea, iweke hadharani orodha ya maabara za sekondari: ipi ina maji, ipi ina kemikali, ipi ina mtaalamu wa maabara, na ipi ni stoo. Kata kwa kata, bila kuficha.

Pili, Serikali ilete bungeni kila mwaka hesabu ya asilimia 1: mwaka huu tumefika wapi, fedha zimetoka kiasi gani, zimekwenda utafiti upi, chuo kipi.

Tatu, vitambaa vya sare viuzwe vikiwa na maelezo wazi ya pamba kiasi gani na poliesta kiasi gani, na Shirika la Viwango lisimamie hilo. Mzazi ana haki ya kujua anamvalisha nini mtoto wake.

Nne, ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyotengwa kwa mikopo ya vijana isiishie kwenye bodaboda na kuku peke yake. Kikundi cha vijana kikija na andiko la kurejeleza chupa au kusindika pumba, kisikilizwe na kipewe mtaalamu wa kukisaidia.

Na wewe kamanda, usiishie kusambaza tahariri hii kwenye magrupu. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Yakifika maswali, simama, jitambulishe, uliza kwa adabu lakini kwa sauti: maabara tuliyochangia ina nini ndani? Akijibu kwa hadithi, uliza tena mkutano ujao. Mwandike diwani, na ukipata jibu lituletee hapa tulichapishe, liwe zuri au baya. Shule ikiwa imefanya vizuri tutaisifu bila kuangalia mwenyekiti wa mtaa ni wa chama gani.

Halafu jambo la mwisho, la nyumbani. Mdogo wako wa kidato cha pili akirudi shule, mpe kikombe cha uji mzito na kijiko cha kimea, mwambie akoroge atazame. Mwambie kilichotokea humo ni kemia, na kwamba kuna watu duniani wanalipwa mishahara kwa kufanya hivyohivyo kwenye kitambaa cha shati lake. Akikuuliza yeye atajifunzia wapi, umepata swali la kwenda nalo kwenye mkutano wa mtaa.

Mapambano yanaendelea.